"Piga Chapa": Asili ya Istilahi ya Uchapaji katika Kiswahili cha Unguja

Mtu wa Chwaka akisikia "amechapwa", hufikiria fimbo. Akisikia "kimepigwa chapa", hufikiria kitabu, kanga au gunia. Ukaribu wa sauti huweza kumfanya msomaji adhani kuwa uchapaji uliitwa hivyo kwa sababu mtambo huipiga karatasi. Makala haya yanadai kuwa dhana hiyo haina mashiko.

Ushahidi wa kwanza ni wa kisarufi. Katika "piga chapa", *chapa* ni nomino, kama *pasi* katika "piga pasi" na *mhuri* katika "piga mhuri". Lau lingekuwa kitenzi cha kupiga, usemi huo ungekuwa ni kurudia jambo lile lile. Nomino hiyo inaoana na *chhāp* ya Kihindi na Kigujarati, yaani mhuri au alama iliyogandamizwa. *Chapisha*, *mchapaji* na *uchapaji* ni vizalia vyake.

Ushahidi wa pili ni wa kihistoria. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ushuru wa forodha ya Unguja ulikodishwa kwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wakiwemo Jairam Shivji na Taria Topan. Biashara hiyo ya vitambaa na marobota ilihitaji alama za kutambulisha mali. Viwanda vya vitabu vilikuja baadaye: misheni ya UMCA, iliyohamia Unguja mwaka 1864, ilichapa kwa herufi za Kirumi, na mnamo 1880 kiwanda cha Sultani Barghash kilianza kutoa vitabu vya Kiarabu vya madhehebu ya Ibadhi.

Hapa ndipo penye fumbo. Kiarabu kilitupa *herufi*, neno la chuoni, na kilikuwa na *matbaa* kwa kiwanda chenyewe. Hata hivyo, jina la kazi halikutoka kwa wanazuoni wala kwa wamisionari, bali sokoni. Inaelekea kwamba wasemaji waliuona ukurasa uliochapwa kuwa ni jamaa wa robota lenye alama.

Kanga inaunga mkono hoja hii. Jina lake, lililoandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye za Kirumi, limefika Chwaka mwilini mwa akina mama. Kwa hiyo historia ya maandishi yaliyochapwa Unguja isianzie kwenye rafu ya vitabu pekee. Ianzie pia kwenye nguo.