Sauti ya Edinburgh, Kura ya Mbulu

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilinyakua viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha eneo la Hanang, kata ya Nangwa ikiwamo. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Wapiga kura wakamchagua Herman Elias Sarwatt, mwana-TANU aliyegombea bila tiketi ya chama. Atakayesema kwamba kiti kimoja si kitu akumbuke kuwa viti 58 havikuwa na mpinzani hata mmoja. Mahali pachache tu ndipo wananchi walipopewa nafasi ya kuchagua, na Mbulu waliitumia nafasi hiyo kumkataa mtu wa chama ambacho kiongozi wake, Julius Nyerere, alikuwa msomi mashuhuri kuliko wote nchini. Tukio hili huandikwa kwa sentensi moja na kuachwa, ilhali linatusaidia kupima jambo linalobishaniwa hadi leo: kijana wa Kiafrika aliyeko masomoni ng'ambo ana nafasi gani katika siasa za kwao? Naamini historia yetu inajibu hivi: ng'ambo iliwapa vijana hao hoja na upeo, lakini nguvu na uhalali vilitoka nyumbani, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kupanda meli.

Simulizi iliyozoeleka huanzia Edinburgh. Nyerere alifika Uingereza mwaka 1949, akasoma Edinburgh hadi 1952, na akiwa mwanafunzi akaandika insha ndefu juu ya tatizo la ubaguzi wa rangi Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliingizwa katika mkusanyiko wa maandishi yake uliotoka mwaka 1966. Insha ile ni ya mtu aliyekwisha kukata shauri. Ila haikuanza kutoka patupu. Mwaka 1943, wakiwa Makerere, yeye na wenzake kama Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walikwisha kuunda umoja wa wanafunzi wa Tanganyika, na huko nyumbani chama cha TAA kilikuwapo tangu 1929. Aliporudi hakuhitaji kujenga nyumba mpya. Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na Julai 7, 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Kama wazee na vijana wa Dar es Salaam wasingekuwa na chama cha kumkabidhi, insha ya Edinburgh ingebaki karatasi ya mwanafunzi mwenye akili.

Ushahidi mzito zaidi uko Meru, katika Jimbo lile lile la Kaskazini lililokuwa na Mbulu ndani yake. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi wachache. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York. Ni mwaka ule ule ambao Nyerere alimaliza masomo. Yeye alilihutubia baraza hilo Machi 1955, takriban miaka mitatu baada ya mjumbe wa Wameru. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule, hilo lisemwe wazi. Lakini walikwisha kuonyesha kwamba dai la kijiji linaweza kufika mbali bila kusubiri kijana arudi na shahada.

Mwenye kupinga atanitajia Zanzibar, na ana haki. Abdulrahman Mohamed Babu alirudi kutoka London mwaka 1957, akawa katibu mkuu wa chama cha Hizbu, akakipa muundo, gazeti, umoja wa vijana na uhusiano na Cairo na Peking. Ni vigumu kufikiria siasa za visiwani bila mkono wa wanafunzi wa ng'ambo, na mwaka 1963 yeye huyo huyo alianzisha Umma Party. Nakubali yote hayo. Lakini Hizbu ilizaliwa mwaka 1955, naye akiwa bado London, na mizizi yake iko Kiembe Samaki, kwa wakulima na wafugaji waliopinga ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri mwaka 1951, hadi watu wakauawa kwa risasi. Babu alikinoa kisu alichokikuta.

Hanang yenyewe inaonyesha madhara ya elimu ya nje inayofika bila kupita kwa wenyeji. Kuanzia karibu mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu, mpaka yakawa saba, yenye jumla ya takriban ekari 100,000. Mbegu, trekta na mpangilio wa kilimo vilifuata mfano wa nyanda za Kanada, na Watanzania walipelekwa huko kusomea kazi hiyo. Walikuwa vijana wenye bidii, na nchi ilihitaji mkate, siwalaumu. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wadatoga wa Barabaig, yaliyotumiwa kwa zamu kufuata mvua na maji, na katika mpango wote hakukuwa na kikao chochote chenye nguvu ambamo mfugaji angeweza kumwambia msomi aliyerudi kuwa shamba lile limekata njia ya mifugo na limeyaingia makaburi ya wazee. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani wenyewe. Walishinda Mahakama Kuu Arusha, wakashindwa Mahakama ya Rufani, na mwaka 1987 serikali ikatoa tangazo la kufuta haki za kimila katika ardhi hiyo.

Inabaki hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: kuna nyakati ambapo nyumbani hakusemeki. Mwaka 1982, baada ya wahadhiri na wanafunzi wa Kenya kutiwa ndani, Wakenya waliokuwa London waliunda kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa waachiwe, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa miongoni mwao. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na aliyeifanya hakustahili kuitwa mtoro. Hata hivyo kamati ile iliishi kwa habari zilizovushwa kutoka ndani, na mwaka 1992 waliogoma kula Uhuru Park, Nairobi, wakidai wafungwa wa kisiasa waachiwe, walikuwa akina mama wa wafungwa wenyewe. Mwanafunzi wa leo kutoka Nangwa aliyeko Uturuki, China au Marekani ana simu inayofika kijijini kwa sekunde, ila kwa sheria za sasa hawezi kupiga kura ya Tanzania akiwa huko. Ndiyo maana kama ana neno juu ya malisho, shule au bei ya mahindi ya Hanang, mahali pa kulipeleka kwanza ni mkutano wa kijiji, ambako liko wazi kupingwa na mtu anayeishi na matokeo yake, kama Mbulu walivyompinga mgombea wa chama walichokipenda.