Baiskeli na Matanga katika Nchi ya Wabukusu

Yamezuka siku hizi mazoea ya jamaa kukusanyika, wakapanga safari ndefu ya baiskeli kwa ukumbusho wa marehemu wao na kuchangisha fedha za sadaka njiani, na wako wanaoyahesabu kuwa ni bidaa iliyoletwa kutoka Ulaya. Mimi naona kwamba kwa watu wa Kibabii huko Bungoma, magharibi ya Kenya, na kwa Wabukusu kwa jumla, kilicho kigeni ni chombo chenyewe tu, kwa kuwa safari ya kuomba na baraza ya kumkumbuka maiti walikuwa nazo kabla John Kemp Starley hajaunda baiskeli yake huko Coventry mwaka 1885.

Safari ya kuomba ni ya mvulana anayekaribia kutahiriwa, jambo linalofanywa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa: hupiga njuga zake juu ya bangili za chuma, akaenda mbio pamoja na wenzake waimbao, kuwaarifu jamaa wa mbali, na hasa wajomba, ambao haielekei atoke kwao mikono mitupu.

Baraza ya ukumbusho ndiyo kumuse. Akiisha kuzikwa mzee mwenye hadhi, siku ya tatu hukaribishwa msemaji, ambaye hutoka katika koo maalumu tu, naye, fimbo mkononi, huenda na kurudi katika uwazi ulioachwa na halaiki iliyoketi, akisimulia nasaba, mahame, vita na marika yaliyopita, huku akiwaonya walio hai pasipo kumstahi mkubwa wala mdogo. Marehemu ndiye sababu ya kukutana, lakini hutuba, aghalabu, ni ya umma mzima.

Baiskeli iliingia kwa njia ya misheni na ya mshahara. Makatekista na walimu wa misheni za Mill Hill, ambazo Kibabii ni mojawapo, waliihitaji kwa kuzuru vijiji. Na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba ya mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia yakazidi kutaka vibarua, wengi wakapanda huko kutoka Bungoma, na aliyejaliwa kuweka akiba akarudi na Raleigh yenye karia madhubuti, ikabeba gunia, ikabeba mgonjwa, ikapeleka na habari ya msiba usiku uleule. (Mwenyewe, bila shaka, aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyoipanda.) Miaka ya 1960 vijana wa Busia wakaanza kuwavusha abiria kwa karia kati ya lango la Kenya na la Uganda, kazi hiyo ikaenea magharibi yote, hata serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, injini zikawapokonya riziki.

Kwa hiyo anayepanga safari ya namna hii leo nitamshauri aianzie Kitale, ashuke kwa Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele mpaka Kibabii, njia ya vibarua wakirejea kwao; maana Kitale iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,900, na Bungoma 1,400, nao wazee watakaotaka kupanda baiskeli watapata nafuu. Vipuri, viraka na pampu vitangulie, na kituo cha kwanza cha michango kiwe kwa wajomba wa marehemu, kabla ya kwenda kwa wafanyabiashara wa mjini.