Kabureta katika kwadi ya mipigo miwili

Kabureta katika kwadi ya mipigo miwili ni kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika injini ya pikipiki ya magurudumu manne ya mashindano ya motokrosi. Kuchagua kabureta kwa chombo hicho ni kuamua mambo matatu: kipenyo cha koo lake, idadi ya kabureta (moja au mbili), na ukubwa wa jeti zinazopitisha petroli. Uamuzi ukikosewa kidogo, injini hupoteza nguvu. Ukikosewa sana, injini hunoki.

Asili ya kwadi hizi

Kwadi za mbio zilienea Marekani katika miaka ya 1980, zikitoka katika viwanda vya Japani. Suzuki ilitoa LT250R mwaka 1985, Honda ikafuata na TRX250R iliyotengenezwa kati ya 1986 na 1989, na mwaka 1987 Yamaha ikaleta Banshee. Hii ya mwisho ina silinda mbili zenye jumla ya sentimita za ujazo 347, na iliuzwa Marekani hadi 2006. Wakati huo kwadi za mipigo minne, kama Honda TRX450R na Yamaha YFZ450, zilikuwa zimeshika viwanja vya mashindano. Kwa hiyo ufundi wa kabureta hizi leo uko zaidi mikononi mwa watu wanaotunza au kujenga upya mashine za zamani.

Kipenyo cha koo

Hewa inayopita katika koo jembamba huongeza kasi na shinikizo lake hushuka; ndipo petroli hupanda kutoka katika bakuli na kutawanyika kama ukungu. Koo dogo hutoa kasi kubwa ya hewa hata injini ikiwa katika mizunguko michache, hivyo kwadi huitika vizuri inapotoka kwenye kona. Koo kubwa hupitisha hewa nyingi katika mizunguko ya juu, lakini chini huko hewa huwa ya uvivu na injini hukohoa dereva anapobonyeza resi ghafla.

Honda TRX250R ilitoka kiwandani na kabureta moja ya Keihin ya milimita 34. Banshee ilikuwa na mbili za Mikuni, kila moja milimita 26. Wamiliki wengi wa Banshee hupanda hadi milimita 28. Ongezeko hilo linaonekana dogo, lakini eneo la koo hukua kwa takriban asilimia 16. Kutoka milimita 34 hadi 38 ni asilimia 25. Ukubwa huo wa mwisho una maana pale tu silinda, vali za kuingizia hewa na bomba la ekzosi vimebadilishwa ili vipitishe hewa zaidi. Kuweka kabureta kubwa juu ya injini ambayo haijaguswa ni kosa la kawaida la mwenye pesa na haraka: kwadi huwa ngumu kuendesha na muda wa mzunguko wa uwanja haupungui.

Moja au mbili

Kwa injini ya silinda mbili kama ya Banshee, kuna vifaa vya kuunganisha silinda zote kwenye kabureta moja kwa bomba lenye umbo la Y. Faida yake ni urahisi: jeti moja ya kubadilisha, kebo moja, na hakuna kazi ya kusawazisha. Hasara ni kupungua kwa nguvu katika mizunguko ya juu. Kabureta mbili zinahitaji vilango vyake viinuke kwa wakati mmoja kabisa. Kimoja kikichelewa, silinda yake hufanya kazi kidogo kuliko mwenzake na injini hutetema.

Kabureta ya kwadi ina shida nyingine ambayo ya pikipiki haina. Pikipiki hulala kwenye kona, kwa hiyo petroli ndani ya bakuli hubaki chini mahali pake. Kwadi hailali, petroli husukumwa upande wa nje wa kona, na jeti inaweza kukaukiwa au petroli ikamwagika kupitia mipira ya kupumulia. Kwa sababu hiyo kimo cha boya na njia za mipira hiyo hupaswa kukaguliwa kabla ya kulaumu jeti.

Jeti na sindano

Kila sehemu ya kabureta hutawala hatua fulani ya resi. Jeti ndogo hutawala kuanzia kilango kikiwa kimefungwa hadi karibu robo. Sindano hutawala kati ya robo na robo tatu, na jeti kuu kuanzia hapo hadi mwisho. Hatua hizi huingiliana. Sindano ina vijikata karibu na kichwa chake. Kibanio kikihamishiwa kijikata cha chini, sindano huinuka na petroli huongezeka.

Namba za jeti za Keihin na za Mikuni hazilinganishwi moja kwa moja, kwani hazipimwi kwa njia ileile. Anayebadilisha aina ya kabureta huanza upya, kwa jeti kubwa kupita kiasi, kisha hushuka hatua kwa hatua akisoma rangi ya plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe ni dalili ya petroli kidogo, nyeusi yenye unyevu ni ya petroli nyingi.

Kuanza juu kuna sababu yake. Katika injini ya mipigo miwili oili huja pamoja na petroli, hivyo petroli ikipungua, joto hupanda na ulainishaji hupungua kwa wakati mmoja. Pistoni hutanuka na kung'ang'ania ndani ya silinda. Ekseli ya nyuma ya kwadi hizi ni moja, inayozungushwa kwa mnyororo, na injini ikinoki kwenye mwendo kasi magurudumu yote mawili ya nyuma yanaweza kujifunga.

Kuongeza oili hakuponyi tatizo hilo. Oili ikizidi katika mchanganyiko, petroli inayopita kwenye jeti ileile huwa pungufu.

Hewa, kimo na uvujaji

Kuondoa kifuniko cha sanduku la chujio au kubadilisha ekzosi huongeza hewa, na jeti kuu hulazimika kupanda. Kimo hufanya kinyume: kwenye mita 1,800, karibu sawa na Nairobi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani, na jeti iliyofaa usawa wa bahari huwa kubwa mno. Asubuhi ya baridi nayo huhitaji petroli zaidi kuliko mchana wa jua.

Uvujaji wa hewa kwenye mpira wa kabureta au sili za kranki huleta dalili zilezile za jeti ndogo, hasa mizunguko inayokataa kushuka baada ya resi kuachiwa. Mafundi makini huziba injini, huijaza hewa kwa shinikizo la takriban paundi 6 kwa inchi ya mraba, na kuangalia kama inashikilia kwa dakika kadhaa. Ikivuja, hakuna jeti itakayoirekebisha.