Mbwa Naye Huliliwa

Andika kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kwamba nyanya wa jirani amefariki, na "pole sana" zitamiminika hata kutoka kwa wale mabinamu ambao husoma tu bila kujibu. Sasa andika kwamba mbwa wenu amekufa. Utapata emoji moja, pengine ya kucheka, halafu mjomba mmoja ataandika: hayo ni mambo ya wazungu.

Hiyo kauli ya mjomba ndiyo nataka tuishike hapa. Inauma, sawa, lakini pia ni dai la historia. Anachosema mjomba ni kwamba kumlilia mbwa kulianza mahali fulani, kwa watu fulani, kukaletwa huku pamoja na chakula cha mbwa cha supamaketi. Dai la namna hiyo linaweza kukaguliwa.

Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono, hilo nakubali. Kufa kama mbwa ni kufa bila heshima. Kumwita mtu mbwa ni kutafuta vita. Getini tunaandika MBWA KALI hata pale ambapo mwenye sifa hiyo hulala miguuni pa kila mgeni. Lakini matusi huonyesha tu kile watu husema mbele za watu. Yale wanayofanya nyuma ya nyumba na jembe mkononi ni hadithi nyingine, na bahati nzuri udongo hutunza kumbukumbu.

Mwaka wa 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke. Pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mnyama, ambayo ilikaa makumbusho miongo kadhaa kabla ya mtu kutambua kwamba ni ya mbwa. Kaburi lina miaka kama 14,000. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, wa miezi saba hivi. Mwaka wa 2018, kundi la watafiti lililoongozwa na Luc Janssens, ambaye ni daktari wa mifugo na pia mwanaakiolojia, lilichapisha walichosoma kwenye meno yake. Huyo mtoto wa mbwa alikuwa ameugua distempa, ule ugonjwa wa virusi ambao wetu huchanjwa wakiwa wadogo. Kasoro kwenye meno zilionyesha kwamba aliugua vibaya, akapata nafuu, akaugua tena, kwa wiki kadhaa. Mbwa wa distempa hutapika, huharisha, hushindwa hata kunywa maji. Bila mtu wa kumsafisha, kumpasha joto na kumlisha, angekufa mapema sana. Na katika muda huo wote hangeweza kuwinda wala kulinda chochote. Hakuwa na faida.

Najua mjomba atasema: si umetaja Ujerumani? Buda, hakukuwa na Ujerumani. Hakukuwa hata na shamba. Kilimo kilikuwa bado hakijaanza popote duniani. Lakini sawa, turudi Afrika.

Mwaka wa 1935, timu ya George Reisner, mwanaakiolojia Mmarekani, ilikuwa ikichimba kwenye makaburi ya Giza, Misri, karibu na zile piramidi. Ndani ya kaburi moja walikuta jiwe lililotolewa kwingine na kutumiwa tena kujengea. Jiwe lina maandishi kuhusu mbwa anayeitwa Abuwtiyuw, mlinzi wa mfalme, aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Maandishi yanaeleza kwamba mfalme aliamuru azikwe kwa heshima: akatoa jeneza kutoka hazina yake, kitambaa kizuri kwa wingi, uvumba na mafuta ya kunukia, na waashi wakamjengea kaburi. Jina la mfalme limepotea. La mbwa limebaki.

Karne nyingi baadaye Herodotus, Mgiriki aliyependa sana habari za watu wengine, aliandika kwamba nyumba ya Wamisri ikifiwa na paka, wote hunyoa nyusi. Wakifiwa na mbwa, hunyoa kichwa na mwili mzima. Herodotus alikuwa na kawaida ya kutia chumvi, kwa hivyo sitaapa juu ya hizo nywele. Ila mtu hatungi mila ya matanga ya mbwa bila kuona kitu.

Tusije tukawafanya Wamisri watakatifu, lakini. Kule Saqqara kuna mapango ya chini ya ardhi yaliyowekwa wakfu kwa mungu Anubis, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff wamekadiria kwamba yaliwekwa mabaki ya wanyama karibu milioni 8, wengi wao wakiwa mbwa. Wengi walikuwa na umri wa saa au siku chache tu. Walizalishwa kwa wingi ili wauawe na kugeuzwa sadaka. Nchi ile ile! Kwangu mimi hilo linafafanua jambo kuliko hata jeneza la Abuwtiyuw. Watu hawalilii mbwa kwa jumla. Huyu wako ana jina na anajua mlio wa funguo zako. Yule wa barabarani hana. Unaweza kumlilia mmoja na kumrushia mwingine jiwe siku hiyo hiyo, na Nairobi nzima ni ushahidi.

Kaburi ninalolipenda zaidi liko Berenike, bandari ya zamani ya Bahari ya Shamu kusini mwa Misri, na linatuhusu sisi kwa karibu. Kile kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinachoeleza pwani yetu kwa jina la Azania na soko lake la Rhapta, kinaitaja Berenike kama mojawapo ya bandari ambako merikebu ziliondokea. Kwa hivyo tunazungumzia mji uliokuwa kwenye mtandao ule ule wa biashara na mababu wa pwani. Maisha huko yalikuwa magumu. Jangwa upande mmoja, bahari upande mwingine, na kufika mto Nile kulichukua siku 12 kwa ngamia. Chakula kingi kililetwa kwa njia hiyo hiyo.

Chini ya jaa la taka la enzi za Warumi, wachimbaji walianza kukuta mifupa ya paka, mbwa na nyani. Wataalamu wengine walisema basi, hiyo ni takataka, wanyama walitupwa pamoja na uchafu. Marta Osypińska, mtaalamu wa mifupa ya wanyama kutoka Poland, hakukubali. Mwaka wa 2021 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanyama 585. Wengi walikuwa paka, mbwa walikuwa wachache. Hawakuwa wamekaushwa kama sadaka, na hawakuwa wamechinjwa. Walilazwa vizuri, kama waliolala. Baadhi walivaa ukosi shingoni. Kuna mbwa aliyefungwa kwenye mkeka wa makuti, kisha akafunikwa na vipande vya mtungi mkubwa kama kifuniko cha jeneza. Kuna aliyekuwa na saratani ya mifupa. Kuna wazee wasio na meno kabisa, ambao waliishi kwa sababu mtu aliwapondea chakula, tena katika mji ambao kila punje ilisafirishwa jangwani.

Mkeka wa makuti, jamani. Huo tunaujua.

Kwenda chini zaidi, pwani yenyewe, habari inakuwa na tahadhari zaidi, na sababu tunazijua. Katika madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba. Lakini watoto wa madrasa hao hao husimuliwa habari ya watu wa pangoni, katika Sura ya Al-Kahf, pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu mlangoni akiwalinda, ambaye mapokeo yanampa jina la Qitmir. Na huko Baghdad, mnamo karne ya 10, mwanachuoni Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mbwa huwashinda kwa uaminifu wengi wa wale wanaovaa nguo. Kuwa mbali na mate ya mbwa ni jambo moja. Kusema hana thamani ni jingine.

Kwa hivyo hii "ya wazungu" ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwa ukoloni, na mjomba hakuiokota bure. Babu zetu wengi walikutana na mbwa wa mzungu upande wa meno. Mbwa wa setla alikuwa wa kumzuia Mwafrika getini. Katika vita vya msituni vya miaka ya 1950, mbwa wa kunusa walitumiwa kuwafuata wapiganaji wa Mau Mau. Mbwa huyo alikuwa na chakula chake na daktari wake, na mtu aliyempikia hakuwa na daktari. Ukimwona mwajiri wako akimlilia mnyama kama huyo, utakumbuka.

Na mbwa wa Mwafrika? Alitozwa kodi. Mwaka wa 1922, katika nchi ambayo leo ni Namibia, watu wa Bondelswarts waliingia vitani na utawala wa Afrika Kusini, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa kodi ya mbwa iliyopandishwa mwaka uliotangulia. Walikuwa wakiwinda kwa mbwa. Kodi ililenga kuwanyang'anya njia hiyo ya kujilisha ili waende kuajiriwa kwenye mashamba ya wazungu. Serikali ilipeleka askari na ndege mbili za kudondosha mabomu. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Watu walipigwa mabomu kwa kisa ambacho ndani yake kuna mbwa, halafu leo tunaambiwa mbwa ni kitu cha mzungu.

Wazungu wenyewe, ebu tuwaangalie, hawakuwa na makaburi ya mbwa tangu zamani za kale kama tunavyodhani. Lile la Hyde Park, London, lilianza mwaka wa 1881, pale familia moja ilipomwomba mlinzi wa geti nafasi ya kumzika mbwa wao, Cherry, kwenye bustani yake ndogo. La Asnières, karibu na Paris, lilifunguliwa mwaka wa 1899, mwaka mmoja baada ya sheria kukataza kutupa mizoga mtoni. Kabla ya hapo wengi waliishia mto Seine. Tatizo lilikuwa la mji: watu walikuwa wamehamia maghorofani, hawana ua, hawana hata futi mbili za udongo. Hapo mkaaji yeyote wa Pipeline au Kasarani anaelewa bila kuelezwa.

Na huzuni yao pia iliwahi kunyamazishwa. Majira ya joto ya 1939, vita vikinukia, kamati ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya ndege ilitoa ushauri: pelekeni wanyama wenu mashambani, na kama haiwezekani, ni huruma zaidi wauawe. Haikuwa amri. Vita vilitangazwa tarehe 3 Septemba, na katika siku chache zilizofuata wakazi wa London walipeleka paka na mbwa wanaokadiriwa kufika 400,000 kuuawa. Foleni zilifika barabarani. Mashirika ya wanyama yaliwasihi watu wangoje. Mabomu mazito hayakuanguka London hadi Septemba 1940, mwaka mzima baadaye.

Mwanahistoria Hilda Kean aliandika kitabu juu ya wiki hiyo, kikatoka 2017. Kinachonishika ni ukimya uliofuata. Vita vilikuwa vimekuja na vifo vya watu; nani angesimama kusema namlilia mbwa niliyempeleka mwenyewe? Taifa ambalo linajisifu kupenda mbwa lilizika jambo hilo, na wengi wa wajukuu hawajawahi kulisikia.

Mtaalamu wa huzuni Kenneth Doka alitoa kitabu mwaka wa 1989 kuhusu majonzi ya aina hii, yale ambayo jamii haiyapi ruhusa. Hakuna matanga, hakuna off kazini, hakuna mchango. Unaamka Jumatatu unapanda matatu. Hapa Nairobi kuna na shida ya mwili wenyewe: umepanga, keja yako iko ghorofa ya nne, kepteka hataki kusikia habari ya shimo kwenye paki ya magari. Wengine humwachia daktari wa mifugo. Wengine humweka kwenye buti usiku wakampeleka ushago. Na wengine, kwa kukosa la kufanya, humpa mtu wa taka pesa kidogo.

Mzee wa ushago ambaye atacheka machozi yako, muulize tu majina ya mbwa wa boma lao alipokuwa mtoto. Mimi nilimuuliza shangazi yangu, ambaye hajawahi kumruhusu mbwa kuvuka mlango wa jikoni. Alitaja watatu bila kufikiria: Chui, Bosco, Simba. Chui aliumwa na nyoka. Bosco aliibwa. Simba alizeeka, akawa hawezi kutafuna, na nyanya alikuwa akimlowekea ugali kwenye maziwa. Nikauliza alizikwa wapi.

"Nyuma ya choo cha zamani, kwa migomba," akasema. "Baba ndiye alichimba. Alituambia tusiseme kwa watu."