Firashi ya Sufu na Kitanda cha Mfumi

Wanahistoria wa biashara wamezoea kukitazama kitambaa kama bidhaa: kilitoka bandari gani, kilibadilishwa kwa pembe ngapi za ndovu, nani alipata faida. Ni nadra kuulizwa kilifumwa na nani. Makala haya yanaitazama nguo moja ya ugenini, yaani firashi ya sufu iliyofumwa kwa mkono nchini Marekani baina ya mwisho wa karne ya 18 na miaka ya 1860, kwa sababu historia yake inagusana na historia ya pwani yetu mahali ambapo wengi hawakutazamia.

Firashi hiyo ni nguo nzito ya kufunika kitanda kizima wakati wa baridi. Mtande wake aghalabu ni wa pamba isiyotiwa rangi, na mshindio wa mapambo ni wa sufu iliyotiwa nili, au wekundu wa mizizi, au kahawia ya maganda ya jozi. Mchanganyiko huo haukuwa wa bahati tu. Pamba ni imara, nayo hustahimili kuvutwa. Sufu huhifadhi joto na hukamata rangi vizuri. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki akumbuke hapa kwamba kondoo wetu wa asili wana nywele fupi, si sufu ya kusokotwa. Ndiyo maana wafumaji wa kwetu waliitegemea pamba.

Alama ya kuitambua firashi ya kale ni mshono wa katikati. Mfumi alirusha uzi kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kwa hiyo upana wa nguo haukuweza kupita urefu wa mikono yake. Akafuma kipande kirefu, akakikata viwili, akavishona ubavu kwa ubavu. Tofauti ndogo katika nguvu ya kugonga mshindio hujikusanya kidogo kidogo, hata mwishoni ua la kushoto likapishana na la kulia kwa upana wa kidole. Watazamaji wengine huona hiyo ni kasoro. Mimi naona kwamba hapo ndipo mtu mwenyewe anapoonekana.

Kufuma kulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Kondoo alinyolewa, sufu ikaoshwa, ikachambuliwa, ikanyooshwa, ikasokotwa. Na kusokota ndiko kulikokula siku nyingi kuliko yote, maana mfumi mmoja aliweza kumaliza uzi wa wasokotaji kadhaa. Nili ilinunuliwa dukani, ikaloweshwa katika mkojo uliochacha ndani ya chungu kilichowekwa mahali penye joto, na harufu yake ilijulikana na nyumba nzima. Uzi ulitoka chunguni ukiwa na rangi ya kijani, ukageuka buluu machoni pa mtu ulipokutana na hewa. Kisha ukapelekwa katika kitanda cha mfumi. Kiswahili kimekipa chombo hicho jina moja na kitanda cha kulalia, nalo linatokana na kitenzi kutanda, kama lilivyo jina la mtande.

Kitanda cha firashi za kawaida kilikuwa na fremu nne za kuinulia nyuzi, zilizoendeshwa kwa vikanyagio. Kwa fremu nne tu mafundi walitoa mamia ya michoro ya miraba, duara na nyota. Mpango wa kila mchoro uliandikwa kwa mistari na alama juu ya ukanda mwembamba wa karatasi, ukakunjwa kama hirizi, ukapitishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti au kwa jirani. Kila mchoro ulikuwa na jina: Fundo la Wapendanao, Waridi la Whig, Safari ya Bonaparte, Kusalimu Amri kwa Lee. Jina hilo la mwisho lilizuka baada ya Jenerali Lee kuweka silaha chini mwaka 1865. Mchoro huohuo uliweza kuitwa hivi katika wilaya moja na vingine katika wilaya ya pili. Anayezijua kanga zetu hatashangaa kwamba nguo huwa na jina na kwamba jina huchukua habari za wakati wake, ijapokuwa katika kanga maneno hupigwa chapa juu ya nguo yenyewe.

Miaka ya 1820 ilileta mtambo wa Jacquard, uliobuniwa Lyon, Ufaransa, mwanzoni mwa karne hiyo. Kadi ngumu zilizotobolewa matundu ziliamua uzi upi uinuke na upi ubaki, na kanuni hiyo ya matundu ilitumiwa baadaye katika mashine za kuhesabu. Sasa firashi ziliweza kuwa na ndege, majani, tai na majengo. Wenye mitambo hiyo walikuwa hasa wanaume mafundi, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani, Uskoti na Uingereza. Mteja alileta sufu iliyokwisha kusokotwa na wanawake wa nyumbani kwake; fundi akafuma, kisha katika pembe ya firashi akaliweka jina lake, mahali na mwaka, na mara nyingine jina la mteja. Kwa ajili ya pembe hizo tunazijua tarehe za firashi nyingi. Lakini wanawake waliosokota hawakuandikwa.

Ziko firashi za New York za miaka ya 1820 zenye maneno ya kutangaza kwamba kilimo na viwanda ndivyo msingi wa uhuru wa nchi, pamoja na tarehe 4 Julai. Msomaji wa Tanzania atayaona maneno hayo kuwa ya kawaida sana. Hata hivyo, pamba ya Marekani ya wakati huo ililimwa na kuchumwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa asili ya Afrika. Katika mashamba ya kusini wanawake watumwa walisokota na kufuma pia, mara nyingi usiku baada ya kazi ya shamba, kwa kipimo cha uzi walichopangiwa. Wazee waliopata kuwa watumwa waliyaeleza hayo wenyewe walipohojiwa baina ya 1936 na 1938. Mikono yao imo katika firashi zilizosalia, na hakuna pembe inayosema hivyo.

Wakati huohuo kaskazini kulijengwa viwanda. Mwaka 1790 Samuel Slater alianza kusokota pamba kwa mashine Rhode Island. Mwaka 1814 huko Waltham, Massachusetts, kusokota na kufuma kwa mashine viliwekwa chini ya paa moja. Na katika miaka ya 1820 mji wa Lowell ulianza kuajiri mabinti wa wakulima. Mabinti hao, ambao mama zao walisokota nyumbani, waligoma mwaka 1834 na tena 1836 hali zao zilipobanwa.

Na nguo hizo za mashine ziliuzwa wapi? Sehemu moja ni Unguja. Marekani ilitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Unguja kuwa balozi mdogo. Meli za Salem zilileta shuka nzito za pamba ambazo watu waliziita merikani, zikaondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Merikani ikaingia bara kwa misafara, ikawa kama fedha.

Nchi zetu hazikuwa uchi kabla ya merikani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alizikuta nguo za mji huo zikipelekwa hadi Misri. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya duara vilivyotobolewa kwa ajili ya kusokotea uzi. Burton aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858 alieleza ufumaji wa pamba huko, na Wafipa waliendelea kufuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Viwanda vilivyomnyang'anya mfumi wa Ohio kazi yake vilimbana pia mfumi wa Unyamwezi, tena katika kizazi kimoja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliivunja biashara ya merikani, na soko la Unguja likachukuliwa kwanza na nguo za Uingereza, kisha na za Bombay. Vita hivyo ndivyo vilivyowafunga pia mafundi wengi wa firashi. Katika milima ya kusini peke yake vitanda vya mfumi viliendelea kugonga. Mwaka 1895 Frances Goodrich, mmisionari huko North Carolina, alipewa zawadi ya firashi ya zamani. Akaanzisha kazi ya kuwapatia wanawake wa milimani soko la ufumaji wao. Wanunuzi walizitaka kwa sababu ya ukale wake. Hao wanawake walizifuma kwa michoro ileile ya kanda za karatasi walizorithi.