Jamusi Si Nyati

Mama aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono kabla sijamaliza kusoma jedwali. "Mwalimu," akauliza, "huyu nyati anakamuliwa na nani?"

Tulikuwa katika ukumbi wa kanisa nje kidogo ya Njoro, mimi na wanawake wa kikundi kimoja cha maziwa. Nilikuwa nimeitwa kuwapitishia kijitabu kipya cha Kiswahili kuhusu utengenezaji wa jibini. Mezani palikuwa na sufuria mbili, kipimajoto na ndoo ya maziwa ya asubuhi. Mwisho wa kijitabu kulikuwa na orodha ya istilahi, na humo mozarela imegawanywa mara mbili: "jibini ya ng'ombe" na "jibini ya nyati". Ukumbi mzima ulinyamaza ukinisubiri. Mama huyo anaishi upande wa Baruti, ambako ua wa umeme wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru huonekana ukisimama zizini. Nyati anamjua. Amemwona akitafuna nyasi ng'ambo ya waya, pembe zimekutana kipajini kama kofia ya chuma, na anajua nani katika kijiji chake alizikwa kwa sababu yake. Kitabu chenye muhuri wa wataalamu kilikuwa kinamwambia kwamba mahali fulani duniani mnyama huyo husimama kimya akakamuliwa.

Nilimjibu kwamba kitabu kimekosea. Tangu siku hiyo nimeambiwa mara mbili, na watu wenye vyeo, kwamba halikuwa jukumu langu kusema hivyo mbele ya wakulima. Basi nalisema hapa kwa maandishi: kitabu kimekosea, na kosa hilo si dogo.

Mnyama anayetoa maziwa ya mozarela ya Italia si nyati. Sayansi humwita Bubalus bubalis. Alifugwa kwanza Bara Hindi, yapata miaka 5,000 iliyopita. Nyati wetu ni Syncerus caffer, na hajawahi kufugwa na mtu yeyote akatoa maziwa ya kuuzwa. Hawa si ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na bahari. Nyati wa Afrika ana kromosomu 52. Yule wa mito ya Asia ana 50. Ng'ombe ana 60. Kilichowaunganisha ni neno moja la Kiingereza, buffalo, neno ambalo Wamarekani walilitandaza hata juu ya mnyama wao mwenye nundu na manyoya. Kamati iliyoandaa orodha ile ilikuta neno la Kiingereza, ikafungua kamusi, ikaona "nyati", ikaandika "nyati". Ilitafsiri neno bila kumtazama mnyama.

Watu wa Bonde la Ufa ndio wa mwisho wanaostahili kupewa kosa hilo. Hapa nyati na ng'ombe wa maziwa wana historia ya uadui. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipopita Afrika Mashariki iliwaua wote wawili, nyati msituni na ng'ombe bomani, na jamii za wafugaji zikaanguka pamoja na mifugo yao. Sotoka imekwisha, dunia ilitangazwa kuwa huru nayo mwaka 2011. Lakini ndigana kali ipo. Nyati hubeba vijidudu vyake mwilini bila kuugua, kupe humnyonya, kisha kupe huyo huyo akimpanda mtamba wa Friesian, uvimbe hutokea chini ya sikio, homa hupanda, na ndani ya wiki chache mwenye ng'ombe anachimba shimo. Mkulima wa hapa anaogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kila wiki kwa ajili hiyo. Kumwekea neno "nyati" ndani ya ndoo ya maziwa ni kumchanganyia mambo mawili ambayo ameyatenga maisha yake yote.

Asili ya neno lenyewe la Ulaya ni funzo, na ningependa wajumbe wa kamati wangeisoma kabla ya kuketi. Wagiriki wa kale walikuwa na neno boubalos. Halikumtaja mnyama wa Asia hata kidogo. Lilimtaja mnyama wa Afrika ya Kaskazini wa jamii ya kongoni, yule yule kongoni mwenye uso mrefu anayejulikana katika nyika zetu. Warumi walilichukua, likawa bubalus, na watu wa mitaani wakaanza kulibandika kwa ng'ombe-mwitu wa misitu ya Ujerumani. Pliny, mwandishi aliyekufa Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, alilalamika kwa maandishi kwamba watu wasiojua ndio wanaomwita ng'ombe-mwitu jina hilo, ilhali mwenyewe ni mnyama wa Afrika anayefanana kidogo na ndama na kidogo na ayala. Kwa hiyo ugomvi wangu na kamati una umri wa karibu miaka 2,000, na leo mnyama wa mozarela hulishwa si mbali na miguu ya mlima ule ule. Baadaye mnyama wa Asia alipofika Italia, jina lililokuwa likizurura bila mwenyewe likamwangukia: bufalo kwa dume, bufala kwa jike. Waingereza wakalipokea, wakalileta Afrika, wakamvika nyati. Jina lililotoka kwa kongoni wa Afrika limezunguka Athene, Roma na London, likarudi Afrika kwa mnyama mwingine, na sasa tunaombwa tulitafsiri kwa jina la nyati ili tumwite mnyama wa tatu. Kiswahili hakina deni la kulipa katika mzunguko huo.

Wapo waliogundua kwamba "nyati" tupu haifai. Wakaja na "nyati-maji", na wanalishabikia kana kwamba wamefungua mlango mpya. Nimelisema jina hilo mbele ya wavuvi wa Naivasha kuwajaribu. Mmoja akaniuliza kama namaanisha kiboko. Alikuwa na haki. Mtu anayeishi kando ya ziwa akisikia mnyama mkubwa, mweusi, wa majini, anajua ni nani.

Watetezi wa "nyati-maji" hunitajia pundamilia. Wanasema, mbona huyo amepewa jina la punda na hakuna aliyechanganyikiwa? Naam, kwa sababu pundamilia ni wa ukoo wa punda kweli. Wako katika jenasi moja, na wakikutanishwa huzaa. Aliyetunga jina hilo alikuwa na macho. Linganisha na mnyama wa India mwenye milia. Kwa mwandishi mmoja yeye ni "chui milia", kwa mwingine "simbamarara", na mwanafunzi hajui kama anasoma habari za mnyama mmoja au wawili. Jina la kuunganisha likijengwa pasipo jamaa mmoja aliye wazi, kila mtunzi humchagulia mgeni jamaa amtakaye. Na yule atakayenitajia bata mzinga, namjibu mapema: hilo ni kosa la zamani lililokwisha kuzoeleka. Kosa lililozoeleka halifanywi kielelezo.

Mgeni huja na jina lake. Farasi alikuja na jina lake la Kiarabu na hakuna aliyetaka aitwe punda mrefu. Mnyama wa mozarela naye ana jina la Kiarabu, jamus, lililo midomoni mwa watu kuanzia Misri, ambako maziwa yake ni kinywaji cha kila siku, hadi mabwawa ya kusini mwa Iraki, ambako wafugaji huishi naye juu ya visiwa vya matete. Waarabu walilipata kwa Waajemi, waliomwita gavmesh: gav ni ng'ombe, mesh ni kondoo jike. Sikio la Kiarabu likalibana, sikio la Kiswahili halina la kufanya ila kuongeza irabu moja mwishoni. Jamusi.

Tazama jinsi njia ilivyokwisha kuchongwa. Kiarabu kilikuwa na qamus, maana yake bahari kuu, neno ambalo wengi hulinasibisha na okeanos ya Kigiriki. Mwanachuoni al-Firuzabadi akaiita kamusi yake kubwa kwa jina hilo, bahari, na umaarufu wa kitabu ukalifanya jina lake kuwa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Kiswahili kikalipokea: kamusi. Qamus imetupa kamusi. Jamus inatupa jamusi. Hakuna sauti ngeni, hakuna silabi ya kuusumbua ulimi wa mtoto wa Molo au wa Lamu. Na lina jirani wa kulikaribisha, maana jibini yenyewe ni ya Kiarabu, jubn. Jibini ya jamusi: maneno mawili ya safari moja yamekutana tena katika sahani moja.

Niliyaandika hayo yote, kurasa sita, nikayapeleka kwa wahusika. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari miwili, likinishukuru kwa "mchango". Kisha katika kongamano moja, mwenzangu katika fani ya istilahi, ambaye sitamtaja, alisimama akasema jamusi halifai kwa kuwa linafanana na jasusi. Ukumbi ulicheka, na kicheko kikahesabiwa kuwa hoja. Mimi nauliza swali hili kwa dhati: je, tutaifuta kamusi kwa kuwa inafanana na kamasi? Mwingine akasema mkulima wa Kiambogo hamjui jamusi. Ni kweli, na wala hajawahi kumwona mnyama mwenyewe. Neno jipya kwa kitu kipya halimpotezi mtu, humfanya aulize. Neno la zamani kwa kitu kipya ndilo linalompoteza, kwa sababu anadhani amekwisha kuelewa.

Tofauti hiyo ina uzito hata mfukoni. Maziwa ya jamusi yana mafuta asilimia 7 hadi 8, ya ng'ombe ni asilimia 3.5 hadi 4 hivi, na Friesian mara nyingi huwa chini ya hapo. Lita tano za jamusi zinaweza kutoa kilo ya jibini ambayo kwa ng'ombe ingehitaji lita nane au zaidi. Jamusi hugeuza rangi ya manjano ya majani kuwa vitamini A, kwa hiyo maziwa yake ni meupe kama karatasi, na jibini yake ni nyeupe vivyo hivyo. Ng'ombe huacha rangi ile ipite, ndiyo sababu siagi ya Jersey huwa kama kiini cha yai. Ukiikata mozarela ya jamusi hutoka maji meupe, na ladha yake ina uchachu mwepesi. Ya ng'ombe ni tulivu zaidi, imekaza, na juu ya piza humshinda mwenzake kwa kuwa hailoweshi mkate. Siiti moja bora. Naziita mbili. Italia haichezi na jambo hilo: mozzarella di bufala campana ina ulinzi wa sheria ya Ulaya tangu 1996, na ile ya ng'ombe kwa desturi yao huitwa fior di latte, ua la maziwa. Sisi Nakuru tunatengeneza jibini ya ng'ombe. Kiwanda cha Happy Cow kimejenga jina lake kwa maziwa ya wakulima wa hapa hapa. Siku jibini ya jamusi itakapoingia katika maduka yetu kwa bei yake, mnunuzi atahitaji neno lisilomdanganya.

Kuhusu mozarela, wacha ibaki mozarela. Imetokana na mozzare, kukata, na kukata kwenyewe ndiko tunakokuita kumega. Siku ile Njoro tulifanya kwa mikono. Maziwa yaliganda, tukayakata vipande, tukayaacha yachache, tukamimina maji ya moto yasiyovumilika kwa kidole. Vipande vikaungana. Mama wa Baruti alivaa glavu, akavuta, akakunja, akavuta tena, hadi donge likang'aa na kuwa na nyuzi kama minofu ya kuku. Kisha bila kufundishwa akalibana kwa kidole gumba na cha shahada, akamega tufe, akalitia katika maji baridi. Hivyo ndivyo wafanyavyo Caserta na Salerno. Alikuwa akimega tonge la ugali tangu utotoni.

Matumizi kwa ufupi: jamusi huyu, majamusi hawa, maziwa ya jamusi, mozarela ya jamusi, mozarela ya ng'ombe.

Tulipomaliza, walinipa kalamu niandike lebo ya makopo ya plastiki. Nikaandika "Mozarela". Mama akayatazama makopo, akaichukua kalamu mkononi mwangu, na chini ya neno langu akaongeza kwa herufi kubwa, moja moja, "YA NG'OMBE". Halafu akaniuliza lile jina la yule mwingine linaandikwa vipi. Nikamtajia herufi. Akaliandika nyuma ya kijitabu, juu ya orodha ya istilahi, akapiga mstari juu ya "nyati".