Bakteria Aliyepewa Jina la Chama cha Gofu

Kuna bakteria anaitwa Pasteuria usgae. Neno la kwanza ni heshima kwa Louis Pasteur. La pili linatokana na USGA, yaani chama cha gofu cha Marekani. Chama cha michezo kimeingiaje kwenye jina la bakteria? Jibu liko kwenye mchanga wa Florida, na linamhusu yeyote anayedhani kwamba kuhama kutoka kemikali kwenda dawa ya kibayolojia ni kubadilisha chupa tu.

Tuanze na adui. Belonolaimus longicaudatus ni nematodi, mnyoo mwembamba mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Haingii ndani ya mzizi. Anakaa nje, anachoma ncha yake kwa mdomo mrefu kama sindano, na mzizi unadumaa. Anapenda sana udongo wa kichanga. Sasa, mwaka 1960 USGA ilichapisha mwongozo wa kujenga maeneo yenye mashimo ya gofu juu ya tabaka nene la mchanga, ili maji yasituame. Ushauri mzuri kwa mchezo, lakini kwa mnyoo huyu ni nyumba ya bure. Nyasi zinakatwa fupi mno, mizizi haifiki mbali, jua linamalizia kazi.

Kwa miaka mingi tegemeo kubwa la watunza viwanja lilikuwa fenamifosi. Iliua nematodi, lakini ni sumu pia kwa ndege, samaki na mtu anayeinyunyiza. Na tayari kulikuwa na onyo. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko California waligundulika kuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa kwa sababu ya DBCP, dawa nyingine ya nematodi. Basi mwaka 2002 kampuni ya Bayer ilikubaliana na mamlaka ya mazingira ya Marekani kuiondoa fenamifosi hatua kwa hatua, na utengenezaji ukakoma 2007. Swali likabaki: tutumie nini?

Mgombea alikuwepo kitambo, ila hakutambulika. Mwaka 1888 Metchnikoff alielezea kimelea ndani ya Daphnia, kiumbe mdogo wa majini, akakiita Pasteuria. Mwaka 1906 Nathan Cobb aliona vitu vya namna hiyo ndani ya nematodi, akadhani ni protozoa. Kosa hilo liliishi karibu miaka 70, mpaka Mankau alipotumia hadubini ya elektroni na kuonyesha mwaka 1975 kwamba kumbe ni bakteria.

Namna anavyofanya kazi inavutia. Spora zake hukaa tu udongoni zikisubiri. Nematodi akipita, zinanata kwenye ngozi yake, zinachipua na kupenya ndani. Mnyoo anashindwa kuzaa, na akifa mwili wake unaachia spora mpya. Halafu bakteria huyu anachagua: aina moja humshambulia nematodi wa aina fulani, wengine anawaacha.

Robin Giblin-Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walimchunguza yule anayeshambulia Belonolaimus kwa ufadhili wa USGA, na mwaka 2003 wakapendekeza jina usgae. Shida ilikuwa kumzalisha. Alihitaji nematodi hai, na huwezi kufuga minyoo ya kutosha uwanja mzima. Kampuni ya Pasteuria Bioscience ya Florida ikafanikiwa kumkuza kwenye matangi bila nematodi. Kwenye vyungu, spora hizo zilipunguza minyoo. Bidhaa ikaingia sokoni kwa jina la Econem.

Kisha ikaja zamu ya viwanja vyenyewe. Mwaka 2011 Crow, Luc na Giblin-Davis walichapisha matokeo ya majaribio: Econem haikupunguza nematodi wala kuboresha nyasi. Soma tena majina hayo. Mmoja wa waliompa bakteria jina lake ndiye pia aliyetia saini kwamba bidhaa iliyotokana naye haikufanya kazi uwanjani.

Je, bakteria alishindwa? Hapana. Udongoni bado anaua nematodi kama alivyofanya kabla hatujamjua. Kilichoshindwa ni matarajio yetu kwamba kiumbe hai atatenda kama kemikali: unamwaga leo, unaona kesho. Spora haitembei, inasubiri kuguswa. Chungu ni kidogo, uwanja ni mkubwa, na maji na mchanga haviko chini ya amri ya mtafiti.

Mwaka 2012 Syngenta iliinunua kampuni hiyo, na ndugu yake bakteria huyu, Pasteuria nishizawae, akapelekwa kwenye mbegu za soya. Hapo spora zinawekwa jirani na mahali mzizi utakapoota. Somo la gofu halikupotea. Lisingepatikana kama wale watatu wangeficha matokeo yao kabatini.